Zege halilali, lakini lina siku 28

Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, baba na binti yake hutoka pamoja nyumbani kwao Buguruni. Baba hubeba kiroba chenye mwiko, timazi na pima maji. Binti hubeba begi la madaftari, kikokotoo na rula ndefu inayochungulia juu ya zipu. Hupanda daladala moja ya Kariakoo, mara nyingi wakiwa wamesimama, na hushuka kituo kimoja.

"Kazi njema, baba."

"Haya, kasome, mama."

Baba huingia kwenye mitaa ya Kariakoo kwenda saiti. Binti hukata kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja hadi Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed. Kazi yao ni moja. Mmoja aliianzia kwenye lundo la kokoto, mwingine ameianzia darasani. Haikuwa rahisi nyumba yao kulikubali hilo.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, hisabati na fizikia za binti zilikuwa nzuri. Mama alikuwa ameshampangia uuguzi. Shangazi alitaka ualimu. Siku binti aliposema anataka ujenzi, sebule ilinyamaza.

"Mtoto wa kike kwenye zege?" shangazi aliuliza.

Lakini aliyekataa kwa nguvu kuliko wote alikuwa baba, fundi mwashi aliyeanza kama kibarua wa kusomba kokoto mwaka 1999.

"Nimebeba zege miaka yote hii ili wewe usilibebe," alisema.

Binti alijibu taratibu, macho yakiwa chini. "Sitaki kulibeba, baba. Nataka kulisimamia."

Ilichukua wiki nzima kabla baba hajalirudia jambo hilo. Alikuwa amekumbuka saiti zote alizopita. Katika kila moja, mwenye cheti ndiye aliyesema zege limwagwe au lisimwagwe. Yeye, mwenye mikono na uzoefu, alisubiri kuambiwa. Jumapili jioni alimwita binti na kumuuliza fomu zinapatikana wapi.

Chuo hicho si kigeni kwa watu wa mjini. Kilianza mwaka 1957, kikawa chuo cha ufundi mwaka 1962, na mwaka 1997 kikapewa jina la DIT. Wazee wengi bado hukiita Dar Tech. Aliyemaliza kidato cha nne huanzia ngazi ya nne ya elimu ya ufundi na, akifaulu, hutoka na stashahada ya ngazi ya sita baada ya miaka mitatu. Binti aliingia kwenye uhandisi ujenzi, ambao ndani yake kuna masomo ya michoro, vifaa, upimaji na usimamizi wa kazi.

Nyumbani walidhani kusimamia ujenzi ni kuvaa kofia ngumu na kupiga kelele. Polepole wakaona ni kazi nyingine kabisa. Ni kusoma mchoro na kujua mifuko ya saruji itakayohitajika kabla lori la kwanza halijafika. Ni kupanga kazi ipi itangulie ipi, ili mafundi wa umeme wasije kubomoa ukuta uliopigwa plasta jana. Ni kuandika kila siku nani alifika, nini kilimwagwa na mvua ilinyesha saa ngapi. Tena ni kusema hapana wakati kila mtu anataka kusikia ndiyo.

Mezani, mazungumzo yakabadilika. Zamani baba alikula kimya. Sasa alikuwa na wa kubishana naye.

Kila fundi wa Dar es Salaam anajua usemi kwamba zege halilali. Ukishachanganya, lazima umalize leo, hata ikifika usiku. Siku moja binti alimuuliza baba kwa nini. Baba alicheka. Kisha akaeleza kwamba saruji ikiguswa na maji inaanza kushika, na ukiacha jamvi katikati ukaendelea kesho, zege la leo halishikani vizuri na la jana. Pale kwenye mshono ndipo pataleta ufa na kupitisha maji. Miezi miwili baadaye binti alirudi kutoka darasani akiwa amejaa furaha.

"Baba, mwalimu amesema maneno yako yaleyale."

Baba alijifanya hakusikia. Mama alimuona akitabasamu kwenye sahani yake.

Lakini yalikuwepo ambayo baba hakuyajua. Binti alimweleza jinsi wanavyojaza zege kwenye boksi la chuma lenye sentimita 15 kila upande, wakalishindilia kwa fimbo ya chuma, wakalitumbukiza kwenye maji, kisha wakalivunja kwa mashine kupima nguvu zake. Baadhi ya vipande huvunjwa siku ya 7, vingine siku ya 28. Siku ya 7 zege huwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu zinazotarajiwa siku ya 28.

"Sisi tunang'oa mirunda siku ya kumi," baba alisema.

"Na maji je? Mnamwagilia?"

"Siku mbili tatu. Maji ya Kariakoo unayajua."

Binti alimwambia pia kuhusu maji ya upande mwingine, yale vijana wanayoongeza kwenye mchanganyiko ili zege liwe laini na liteleze kirahisi kwenye karai. Ndoo moja ya ziada humpunguzia kibarua jasho, na hulipunguzia zege nguvu. Baba alikaa na maneno hayo. Alikuwa ameshaona ndoo nyingi sana za ziada.

Kisha ikaja Jumamosi ya Novemba 16, 2024. Saa tatu asubuhi, jengo la ghorofa lililojaa maduka liliporomoka Kariakoo. Baba alikuwa saiti mitaa michache kutoka pale. Binti alikuwa nyumbani akifua. Alipiga simu ya baba hadi kidole kikachoka. Haipatikani. Mama aliacha masufuria yake ya biashara kwa jirani akarudi nyumbani, na wote wawili wakakaa mlangoni na simu moja katikati yao.

Baba alirudi usiku, mweupe kwa vumbi. Alikuwa miongoni mwa watu waliokimbilia pale mwanzoni na kuondoa kifusi kwa mikono. Hakula. Uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa, na waliopoteza maisha walizidi 20. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Wenye umri wao mjini walikumbuka Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilipoanguka na kuua watu zaidi ya 30. Binti alikuwa mdogo mno wakati ule. Baba alikumbuka vizuri. Usiku ule wa Novemba alisema sentensi moja tu.

"Lile jengo lilijengwa na fundi kama mimi."

Machi 2025, wakati awamu ya ada ilikuwa imekaribia, baba alirudi na kilo mbili za nyama. Amepata kazi. Tajiri mmoja mwenye jengo la ghorofa nne alitaka kuongeza fremu chini. Utolewe ukuta mmoja, kisha sakafu ichimbwe mita moja na nusu ili ipatikane stoo. Kazi ifanywe usiku, geti likiwa limefungwa. Malipo milioni moja na laki nane kwa wiki tatu, na nusu alikuwa ameshapewa. Laki tisa zilikuwa mfukoni.

Mama alishangilia. Binti hakusema kitu hadi sahani zilipoondolewa.

"Baba, nani kachora?"

"Tajiri kasema yupo mhandisi."

"Anaitwa nani?"

Baba hakuwa na jibu.

"Kibali umekiona? Kuna bango lolote pale nje, lenye jina la mkandarasi?"

"Kazi ya usiku, mama. Bango la nini?"

Binti alichukua daftari la madeni la mama yake na kuchora nyuma yake. Mzigo wa ghorofa nne unashuka kwenye nguzo. Nguzo inaushusha kwenye kitako chake. Kitako kinaukabidhi udongo. Ukichimba kando ya kitako, ule udongo uliokuwa umebanwa unapata pa kukimbilia, na nguzo inaufuata. Na huo ukuta unaotolewa, kabla ya kuugusa lazima mtu ajue kama ni pazia tu au unabeba kitu juu yake.

"Mimi si mhandisi," alimaliza. "Niko mwaka wa pili tu. Lakini swali ni hilo, na lazima awepo wa kulijibu."

Baba alilala na laki tisa chini ya mto. Asubuhi alikwenda kwa tajiri na kumuomba aoneshwe mchoro. Tajiri alimtazama kwa mshangao.

"Fundi, nimekuita unijengee au unihoji? Mafundi wamejaa Kariakoo."

Baba aliweka fedha mezani. Zilikuwa zimepungua elfu ishirini na nne za nyama, na mama ndiye aliyezijazia kutoka kwenye mtaji wake wa chakula. Alizijazia kwa hasira. "Ada ya mtoto umeirudisha kwa mkono wako mwenyewe," alimwambia mumewe, na siku mbili hawakuongea vizuri.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Wote watatu walijua kwamba kabla ya wiki kuisha fundi mwingine angeshika sururu ileile. Baba aliogopa kuitwa mchongezi. Mjini, fundi huishi kwa simu za watu wanaomuamini.

"Tukinyamaza na kitu kikatokea," binti alisema, "tutakuwa tulijua."

Walikwenda pamoja ofisi ya serikali ya mtaa. Baba alieleza, binti akaandika. Siku nne baadaye wakaguzi walifika, na ukutani pakaandikwa kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI.

Habari zilisambaa. Kwa miezi miwili simu ya baba haikuita kwa kazi kubwa, ila za kuziba nyufa na kubandika vigae. Mama alikopa kwenye kikoba chake, ada ikalipwa kwa awamu. Binti alijiona ndiye aliyeleta njaa nyumbani. Usiku mmoja alisema ataahirisha mwaka, atafute kibarua dukani.

"Nimerudisha hela za watu kwa sababu ya ulichosoma," baba alimjibu. "Sasa uache kusoma?"

Aliyempigia simu hatimaye alikuwa mkandarasi mdogo, mwenye usajili na bango lake mlangoni, aliyesikia habari za fundi aliyeuliza mchoro. Alimhitaji mtu wa namna hiyo kwenye zamu.

Mzazi ambaye mtoto wake ametaja ujenzi anaweza kujifunza kitu kwa familia hii. Kwanza, hakikisha chuo na kozi yake vinatambuliwa na NACTVET kabla ya kulipa hata shilingi moja. Pili, uliza mafunzo kwa vitendo ni lini na wapi, kwa maana kazi hii haiishii kwenye karatasi. Tatu, usiiogope kwa ajili ya binti. Kusoma mchoro hakuulizi jinsia. Anayetaka kwenda mbali zaidi atakuta Chuo Kikuu Ardhi kikifundisha ubunifu majengo, uchumi na usimamizi wa ujenzi kwa shahada.

Na kama fundi ndani ya nyumba ni wewe mwenyewe, mlango haujafungwa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana mtaani. Fundi anapimwa kwa anachokijua, anasaidiwa pale palipopungua, na akifaulu anapewa cheti. Binti ndiye aliyemjazia baba fomu. Walipofika kwenye elimu, baba alisita.

"Andika la saba."

"La saba si aibu, baba."

"Sijasema ni aibu. Nimesema andika."

Bado hutoka pamoja alfajiri. Siku hizi kwenye kiroba cha baba, pamoja na mwiko na timazi, kuna daftari dogo lenye jalada la bluu. Ndani yake ameandika kila nguzo na kila jamvi alilomwaga tangu aanze kazi mpya, tarehe ya kumwaga upande mmoja na tarehe ya siku ya 28 upande wa pili. Vijana wa zamu humtania kwamba amekuwa karani. Wakitaka kung'oa mirunda, humuuliza kwanza, naye hufungua daftari.

Daladala ikipita karibu na jengo lile la ghorofa nne, baba huinama kidogo dirishani. Huhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha hunyooka na kushika bomba la juu, wakaendelea na safari.