Jina Baya la Kenya ya Lubumbashi

Kenya hii si nchi ya Nairobi na Mombasa. Ni komini, moja kati ya saba za jiji la Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga. Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa huko, na tangu ujana wake amezoea kuona nyuso zikibadilika anapotaja anakotoka. Dereva wa teksi akiambiwa "Kenya" baada ya saa mbili usiku huongeza nauli, au hukataa kabisa. Kijana anayetafuta kazi mjini huandika anwani ya mjomba wake wa Kampemba. Mama anayekwenda kuposa kwa niaba ya mwanawe huulizwa mara mbili: Kenya upande gani?

Jina hilo baya lina historia, na historia yenyewe haikuanza na wezi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi wa kampuni walikaa katika kambi zake. Waafrika wengine, yaani mafundi, makarani, watu wa reli na wachuuzi, waliwekwa kwanza katika mtaa unaoitwa leo Kamalondo, kisha Kenya, iliyopimwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa hiyo uliachwa ukanda mtupu usiojengwa, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa pili bila kibali. Kwa hiyo mkazi wa Kenya alishukiwa kabla hajaiba hata kuku.

Mwandishi aliikuta Kenya ya miaka ya 1970, na anaikumbuka kwa nyua zake. Kila lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ulizungukwa na ua wa miti uliofika kifuani. Mama akiwa jikoni aliweza kuzungumza na jirani wa tatu bila kunyanyuka, na mtoto aliyetumwa chumvi alipita katikati ya miti badala ya kuzunguka barabarani. Wezi walikuwapo: wa kuku, wa nguo zilizoanikwa, wa baiskeli. Walijulikana kwa majina na kwa majina ya mama zao, na mara nyingi mali ilirudi kabla ya jua kuzama.

Pesa zilizoiendesha Kenya zilitoka Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Wafanyakazi wake walipewa mshahara na mposho wa chakula, na unga uliozidi nyumbani ulifika sokoni Kenya. Siku ya malipo washonaji walikesha, baa zilijaa, na Jumapili watu walifurika katika uwanja wa mpira wa Kenya, hasa ilipocheza Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kisha mambo yakageuka: Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Oktoba 1991 askari wasiolipwa walipora Lubumbashi, na raia wakawafuata. Mwaka 1994 shaba yote ya kampuni haikufika tani 40,000. Baba wa familia aliyekuwa akileta unga kila mwezi sasa alikuja na ahadi. Kuanzia mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa Gécamines kwa malipo ya mara moja. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi.

Ni katika miaka hiyo nyua za miti zilipong'olewa. Mwandishi alimshuhudia fundi akijenga ukuta wa kwanza katika njia yao: tofali za kuchoma hadi juu ya kichwa, kisha tabaka la saruji mbichi, na mtoto kando yake akiwa na ndoo ya chupa za bia ya Simba zilizovunjwa. Fundi alichagua vipande virefu, akavipanda kimoja kimoja, ncha juu. Baada ya miaka michache njia nzima ilikuwa hivyo. Mama hakumwona tena jirani wa tatu. Majirani walikubaliana kwamba atakayevamiwa usiku apige sufuria, na wote waitikie kwa sufuria zao, kwani waliokuja sasa walikuja na bunduki.

Halafu kila balaa la jiji likabandikwa Kenya. Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, na karibu wafungwa elfu moja wakatoroka. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, kundi lililotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi kwa miguu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kata Katanga walizaliwa vijijini, kaskazini kabisa, upande wa Mitwaba, Pweto na Manono. Hata hivyo usiku ulipoingia, misako ya vijana ilianzia katika mitaa ya watu wa chini, na Kenya ilikuwa mbele.

Kuna mji wa Marekani ambao ungeweza kuitwa pacha wa Lubumbashi. Gary, jimboni Indiana, ulijengwa mwaka 1906, mwaka ule ule ilipoundwa Union Minière, na kampuni moja, U.S. Steel, kwa ajili ya chuma. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 178,000. Mwaka 2020 walibaki kama 69,000. Kazi za chuma zilipopungua, mauaji yakaongezeka, na mwaka 1993 Gary ukaitwa mji mkuu wa mauaji wa nchi nzima. Miaka imepita, jina limebaki.

Detroit nayo ilitukanwa vivyo hivyo. Lakini Wamarekani wamekuwa wakikusanya takwimu za uhalifu kitaifa tangu mwaka 1930, na zinatangazwa. Mwaka 2023 Detroit ilihesabu mauaji 252, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1966, na mwaka 2024 yakashuka hadi 203. Mtu wa Detroit akidharauliwa leo, anayo namba ya kujibu.

Mtu wa Kenya hana. Kongo sasa inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, malori yanajipanga kwenda mpakani Kasumbalesa, na vijana wa Kenya bado wanauza vocha za simu kando ya barabara wakisubiri kushukiwa. Hakuna jedwali analoweza kufungua kijana huyo ili aonyeshe kama komini yake imezidi Ruashi au Katuba kwa wizi, au kama hali ni bora kuliko mwaka jana. Bila hesabu, uvumi ndio unaoamua nani akamatwe.

Mashtaka yanaandikwa kila siku katika daftari za polisi. Yahesabiwe, na kila mwezi yabandikwe mbele ya ofisi za komini zote saba. Kazi hiyo inahitaji karani, kalamu na ukweli. Ofisi ya meya ianze mwezi huu, na ianze na Kenya.