Kabla ya kumnunulia Baba spika mpya

Mwaka jana Baba alipostaafu na kulipwa kiinua mgongo chake, alinipigia simu akiwa na ombi moja: nimsaidie kuchagua spika. Hakutaka sabufa zenye taa za rangi. Alitaka spika kubwa za sebuleni, za kudumu miaka 20, zichukue nafasi ya zile alizonunua mwaka 1994 kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

“Hizi zimechoka, mama,” aliniambia. “Siku hizi manyanga hayasikiki kabisa.”

Anayemjua Baba anajua hilo si jambo dogo. Jumapili akitoka kanisani hukaa kwenye kiti chake, akaweka Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, kisha Mlimani Park, mpaka chakula kiive. Sisi watoto tumekulia humo. Nikaona hii ni nafasi ya kumlipa mzee fadhila. Nilikubali kuongeza hela.

Mimi naandika habari za afya, mambo ya spika siyajui. Kwa hiyo tulianza kwa fundi. Alifungua kitambaa cha mbele, akatuonyesha ule mduara wa sponji unaoshika karatasi ya spika ya besi. Ulikuwa umepukutika kama mkate mkavu. Alisema sponji za zamani huoza zenyewe kwa umri, hata usipozipiga sana, na zinabadilishwa kwa gharama ndogo. Ukitaka spika ya kukaa, alisema, tafuta yenye mduara wa mpira, na hakikisha vipuri vyake vinapatikana. Twita, ile spika ndogo inayotoa sauti nyembamba kama za manyanga, aliijaribu akasema ni nzima.

Hapo nilipaswa kujiuliza swali. Kama twita ni nzima, manyanga yamekwenda wapi? Sikujiuliza. Baba alishaamua, tukaenda dukani.

Muuzaji alitukaribisha vizuri, akatuwekea wimbo alioutaka Baba. Spika za kwanza zilikuwa milioni 4 na nusu. Baba akasikiliza amefumba macho, akatikisa kichwa. “Manyanga hamna.” Za pili, milioni 6. “Bado.” Za tatu sitaji bei yake. Baba akamwambia kijana aongeze sauti, akaongeza mpaka kioo cha kabati kikawa kinatetemeka.

Mwanangu wa miaka mitano, niliyekuwa nimemshika mkono, alikuwa ameziba masikio. “Mama, hiyo cha-cha-cha inaumiza,” alisema.

Manyanga yalikuwepo. Nilikuwa nayasikia mimi, muuzaji na mtoto. Asiyeyasikia alikuwa mmoja tu.

Nilimwambia Baba tukafikirie kwanza. Njiani nikaanza kukumbuka mambo. Mwanangu akimpigia simu kusema, “Babu, nimefika,” Babu hujibu, “Umeshika nini?” Kwetu huo ulikuwa utani wa familia. Kumbe sauti kama f, s na sh ni nyembamba na hafifu, nazo hupotea mapema usikivu unapopungua, huku sauti nzito za a na o zikibaki. Ndiyo maana mtu husema, “Nakusikia, ila sikuelewi.” Na Baba amefanya kazi miaka 30 kwenye mashine za kufuma nguo kiwandani, bila vizuia kelele. Nimeandika habari za namna hiyo za watu wengine. Ya kwangu nyumbani sikuiona.

Kumwambia ndiyo kulikuwa kazi. Unamwambiaje mzazi kwamba tatizo si spika, ni yeye? Nilijaribu kwa upole mezani, akanikata: “Mimi sijawa kizee.” Nikanyamaza. Aliyesema ni Mama. Alisema polepole, bila hasira: “Baba Neema, mimi nimechoka kupiga kelele. Ndiyo maana siku hizi sikuongeleshi.”

Baba alimtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anafikiri Mama amemkasirikia, na Mama alikuwa anafikiri Baba anampuuza. Wameishi hivyo sijui miaka mingapi.

Nilimwomba jambo moja tu: kama tulivyomfungulia fundi spika kabla ya kutoa hela, tumwachie na daktari apime masikio. Hoja hiyo aliielewa.

Hospitalini daktari alianza kuangalia kama kuna nta, kwa sababu nta peke yake inaweza kuziba usikivu, na kuiondoa ni rahisi. Haikuwepo. Baba akakaa kwenye kichumba kisichoingiza kelele, amevaa hedifoni, anabonyeza kitufe kila akisikia mlio. Majibu hutoka kama mchoro. Upande wa sauti nzito mstari ulikuwa mzuri. Upande wa sauti nyembamba uliporomoka. Daktari alitueleza kwamba chembechembe za sikio la ndani zinazopokea sauti hizo zikifa hazioti tena.

Hivyo spika ya milioni 6 isingemrudishia kitu. Angeongeza sauti tu, na waliokaa naye sebuleni wangeumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na kwa mtoto ni desibeli 75. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, mtu mzima kwenye desibeli 89 ana saa 5 tu kwa wiki nzima. Nilipima sebuleni kwa programu ya simu, ambayo si kipimo kamili, ikasoma 88 pale mwanangu anapopenda kuchezea magari yake.

Tulifanya hivi. Fundi alibadilisha sponji. Tulizitoa spika kwenye kona, maana kona huvimbisha besi na kufunika sauti nyingine, tukaziinua hadi twita zikawa usawa wa masikio ya aliyekaa. Tukatandika zulia juu ya vigae na kuweka mapazia mazito, sauti isirukeruke ukutani. Hela nyingi iliyobaki ilikwenda kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, masikio yote mawili.

Sitakudanganya kwamba vilimfaa siku ya kwanza. Wiki za mwanzo alilalamika kuwa sahani zinapiga kelele na sauti yake mwenyewe inamkera. Alivitupa kwenye droo mara mbili. Tulirudi vikarekebishwa. Manyanga anayasikia sasa, ingawa anasema si kama ya zamani. Lakini jioni namkuta na Mama barazani wanabishana bei ya mchele, kwa sauti ya kawaida, na simu yangu ikiita hawaipokei.

Mzazi mwenzangu, kama mzee wako anaongeza sauti ya televisheni kila mwezi, anajibu kitu ambacho hukumuuliza, au ameanza kukwepa mazungumzo ya watu wengi, usimcheke na usimgombeze. Mpeleke akapimwe. Na huyo mdogo anayelala na hedifoni masikioni, mpunguzie sauti leo. Spika ikioza sponji, fundi anabadilisha. Sikio la ndani halina kipuri.