Tabo ya Gari la Kanisa

Gari letu la dizeli lilikuwa halipandi tena mlima likiwa na watu, na mgonjwa wa kupelekwa Kibondo hasubiri. Tabo tuliyopata ilikuwa ya gari lingine. Bomba letu halikuingia mdomoni mwake. Hapa Nduta karakana yetu ni mwembe na tupa. Tukatoa feni, tukalipanua ganda kwa siku mbili. Feni hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Punje moja ya chuma yatosha kuivunja. Tukaosha ganda kwa mafuta ya taa mara tatu. Ndugu mmoja akauliza: tumekwisha kuomba, je, kuosha mara ya nne si kukosa imani? Mzee wetu akacheka, akaomba tochi. Tukaosha tena.