Kabla ya Kujenga Mnara



Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa parokia yetu, hapa Lubumbashi, alinijia akiwa na diploma ya Serikali mkononi. Alipenda hisabati, na kwa kuwa mimi ni katekista niliyesomea ualimu, aliniamini. Nikamwambia bila kusita: «Soma uhandisi wa migodi. Nchi yetu ni nchi ya shaba.» Mama yake akauza kiwanja ili kulipa gharama za chuo kikuu. Mwaka wa kwanza ukamshinda. Akaurudia, ukamshinda tena. Akarudi nyumbani.

Siku moja nilimwuliza: «Mwanangu, ulidhani mhandisi wa migodi anafanya kazi gani?» Akajibu: «Mwalimu, nilijua tu kwamba anavaa kofia ngumu na kuendesha gari.» Nilinyamaza, kwa maana hata mimi nisingeweza kutoa jibu bora kuliko hilo. Nilikuwa nimemshauri juu ya kazi nisiyoijua. Leo anachomelea vyuma, na mama yake hunisalimu kanisani kwa heshima ileile ya zamani. Heshima hiyo hunilemea kuliko lawama.

Katika Injili ya Luka (14:28-30) Bwana wetu anasimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: yampasa aketi kwanza, apime kama mali yake itatosha kuumaliza. Nimefundisha fungu hilo miaka mingi, wala sikulikumbuka siku ile kijana aliposimama mbele yangu.

Tangu hapo sitoi tena shauri la haraka. Wakati wa likizo ya Pasaka, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hukaa siku tatu karibu na mtu afanyaye kazi anayoitamani, kwa ruhusa yake, akiwa na daftari na maswali matatu. Unafanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Kitu gani kinakuchosha katika kazi hii? Masomo gani yalikufikisha hapa, na yalidumu miaka mingapi?

Binti mmoja aliyetaka kuwa daktari alikwenda kwenye kituo cha afya. Aliporudi, kurasa nyingi za daftari lake zilihusu darubini na chumba cha maabara. Tulikaa pamoja na wazazi wake, tukahesabu miaka na gharama za kila njia. Akachagua kusomea maabara katika Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba. Baba yake hakufurahi siku hiyo. Alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba binti yake atakuwa daktari. Lakini alikubali, kwa sababu binti alijua kueleza anachokitaka.

Ninyi wa madarasa ya chini, msingoje diploma. Mnapochagua kati ya ualimu, biashara, umeme au sayansi, tayari mnachagua milango itakayokuwa rahisi au migumu kufunguka baadaye.

Jumapili hii, baada ya Misa, mtafute Mkristu mmoja afanyaye kazi unayoiwaza. Mwulize maswali yale matatu, uandike majibu yake. Kisha upige magoti, umwombe Roho Mtakatifu akuangazie, ukiwa na daftari lako mbele yako.