Kufika Salama Si Ushahidi

Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga. Ndugu msomaji, utashangaa kuona mwanafunzi wa Changamwe, ambako barafu tunaijua kwenye friji tu, akiandika habari za theluji. Sababu ninayo. Mamangu ni Mchaga, na mjomba wangu ni mpagazi wa mlima Kilimanjaro.

Tena si ajabu mtu wa pwani kuuzungumzia mlima huo. Johannes Rebmann, mmishenari aliyeishi Rabai hapo jirani, aliuona weupe wa kilele chake tarehe 11 Mei 1848. Mmoja wa viongozi wa msafara wake aliuita weupe ule "baridi" tu. Huko Ulaya wataalamu wengine walikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Mjomba husema baridi hiyo ndiyo saruji ya mlima. Usiku barafu huyashika mawe. Jua likipanda, huyaachilia. Ndiyo maana sehemu mbaya hupitwa alfajiri. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach, yakawaua Wamarekani watatu, na njia ikafungwa kwa muda. Barafu ya mlima huo imepungua sana, hivyo mawe mengi hayana wa kuyashika.

Katika milima ya Ulaya, wasafiri huchimba shimo kwenye theluji wakatazama matabaka yake. Tabaka zito likilalia tabaka legelege, uzito wa mtu mmoja waweza kuporomosha mteremko mzima. Hatari hutangazwa kwa namba, 1 hadi 5. Mjomba hana namba. Yeye hujiuliza: Je, theluji mpya imeanguka? Usiku ulikuwa wa baridi ya kutosha? Mawe yamenyamaza?

Mwaka jana aliyasikia mawe yakianguka hata jua halijachomoza. Akatua mzigo, akakataa katakata kuendelea. Hakulipwa safari nzima, na pesa hizo ndizo zilizokuwa karo yangu. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Kumbe wenzake waliopita walifika salama salimini! Mama akawaka: "Si unaona? Angejikaza tu!"

Nilimpigia simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Mpwa wangu, karo hutafutwa. Mimi je, mngenitafuta wapi?"

Nimefikiri sana, na nimeona mjomba alikuwa sawa. Mtu akivuka barabara ya Magongo amefumba macho, na matrela yote yale, kisha akafika ng'ambo, hatusemi alivuka vizuri. Tunasema ana bahati. Kesho atavuka vile vile, kwa kuwa jana alifika. Hapo ndipo hatari ilipo.

Wanafunzi wenzangu, msimcheke anayerudi. Huenda ndiye pekee aliyetazama.