Sanduku Lililofungwa Kabatini

Kwa muda wa miezi kumi sanduku moja la plastiki lilikaa ndani ya kabati la ofisi ya kikundi chetu, hapa Lubumbashi, na ufunguo wa kabati ukakaa mfukoni mwetu. Lilikuwa zawadi ya mfadhili mmoja: seti ya LEGO Mindstorms EV3, vipande 541 vya kujengea roboti. Sisi walezi wawili wa kikundi, wote walimu kwa mafunzo na wenye umri uliopita miaka hamsini, tulilipokea kwa shukrani. Tulihesabu vipande kwa siku mbili, tukaviandika katika daftari, kisha tukafunga. Kila kijana alipouliza, tulimjibu, "Subiri kwanza, tunaandaa utaratibu." Hatukuandaa utaratibu wowote. Tuliogopa kipande kupotea, na zaidi ya hapo tuliogopa kuonekana hatujui mbele ya wale tunaowafundisha.

Leo twapenda kuwaeleza jinsi sanduku lile lilivyofunguliwa, na jinsi tulivyokaribia kulifunga mara ya pili.

Jina la Mindstorms lilitokana na kitabu alichokitoa mwaka 1980 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza vema anapojenga kwa mikono yake kitu ambacho wengine waweza kukitazama na kukijadili. Sisi tulisomea ualimu wakati darasa lilikuwa ubao, chaki na kunakili; hatukulelewa hivyo. Hata hivyo, vijana walipochoka kusubiri na kutuuliza kama seti ile ni ya kikundi au ni ya kabati, hatukuwa na jibu. Tukafungua.

Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo, ambayo ndiyo ubongo wa roboti, yenye matundu manne ya kuunganishia mota na manne ya vihisio, yaani vile vipande vinavyotambua mguso, rangi au umbali. Mota zilikuwa tatu. Vilivyobaki vilikuwa fito zenye matundu, pini, mihimili, magurudumu na gia. Uzuri wa vitu hivi ni kipimo chake: kutoka tundu hadi tundu ni milimita 8, siku zote. Kwa hiyo kipande chochote chaweza kukaa na chochote, na kilichojengwa leo chaweza kuvunjwa kesho bila hasara.

Neno hilo la kuvunja ndilo lililotupatia somo la kwanza. Vijana kumi wa mwanzo walijenga roboti moja ya kubebea mizigo, yenye mkono, ndoo na vihisio vyote. Ilipendeza kweli, nao waliijenga kwa wiki sita. Kikundi cha pili kilipofika, kilikuta sandukuni vipande vichache visivyotosha kitu. Wa kwanza hawakutaka kubomoa kazi yao. Wa pili hawakuwa na cha kujengea. Maneno makali yakasemwa, na jumamosi mbili zikapita katika ugomvi.

Msichana mmoja ndiye aliyepata njia. Alisema, "Tuwe na gari moja la wote, na kila kikundi kitengeneze mkono wake." Tulifuata ushauri wake. Gari la wote lilibeba ubongo, betri na mota mbili za magurudumu. Mota ya tatu iliwekwa mbele, na mhimili wake ukaachwa wazi ukisubiri kazi. Juu ya gari tuliacha pini mbili zilizosimama. Kikundi kilichotaka kuinua kilijenga mkono wake kando, kikaupachika juu ya pini hizo, na gia ya mkono ikauma gia ya mota. Kilichotaka kusukuma kilijenga koleo. Kubadilisha kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Hapo vijana walielewa jambo ambalo sisi tulikuwa tumeliandika ubaoni mara nyingi bila mafanikio. Gia yenye meno 8 ikizungusha gia yenye meno 40, mwendo hupungua mara tano, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara tano. Aliyeona mkono wake ukishindwa kuinua kopo la maziwa, kisha akabadilisha gia na kopo likapanda polepole, hakuhitaji tena hotuba yetu.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Fito ndefu zilikwisha, na kikundi cha mwisho hakikuwa na mkono. Kijana mmoja wa Katuba, mwenye miaka kumi na minne, alikuja na mkono aliousuka nyumbani kwa waya, ule waya mnene ambao watoto wetu hutengenezea magari ya kuchezea. Aliupitisha katika matundu ya ufito mmoja mfupi na kuukunja ncha kwa koleo. Ukakaa barabara juu ya zile pini mbili. Sisi tuliutazama tukasema, "Ondoa. Huo si wa sanduku." Tulitaja hata sheria za mashindano ya FIRST LEGO League, ambayo yanaruhusu vipande vya mtengenezaji peke yake. Sheria hiyo ni ya kweli, lakini sisi hatukuwa tumejiandikisha katika shindano lolote. Tuliiazima ili tufunike hofu yetu.

Kijana aliondoa mkono wake bila neno. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata tena.

Jumamosi ya tatu, wenzake waliupachika mkono wa fito uliobomolewa kutoka kikundi kingine. Ulikuwa mzito. Gari liliinama mbele, magurudumu ya nyuma yakateleza. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Ule wa waya ulikuwa mwepesi." Hakuna aliyetutazama usoni.

Tulikwenda Katuba siku ileile. Bibi yake alitukaribisha, akatupa viti, akamwita mjukuu. Tulipoeleza kilichotuleta, bibi alisema, "Walimu, huyu alirudi akatupa koleo chini ya kitanda. Aliniambia kazi ya mikono yake ni ya uchafu." Maneno hayo yalitushinda. Tulimwomba kijana msamaha mbele ya bibi yake, sisi wazee wawili, tukamwomba alete mkono wake. Hakujibu mara moja. Aliuliza swali moja: "Mtauandika katika daftari?"

Tuliuandika. Leo daftari lile lina sehemu mbili. Ya kwanza ni vipande vya sanduku. Tisa vimepotea, nasi hatujafa. Ya pili ni vifaa vilivyotengenezwa na vijana: mkono wa waya, koleo la bati, kikapu cha kofia ya chupa. Sehemu hiyo inaendelea kukua.

Vijana wapendwa, tusidhani roboti ni mali ya watu wa mbali. Mwaka 2013 wakazi wa Kinshasa waliona roboti za alumini zikiongoza magari njiani kwa nguvu ya jua, kazi ya mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi, na wenzake. Tena, zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, nayo huingia katika betri nyingi za kuchaji. Jiwe hutoka ardhini kwetu, likazunguka dunia, likarudi limo ndani ya chombo cha thamani; nasi tukalifungia kabatini, kana kwamba halijachimbwa bado. Yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake hakuiba kitu. Aliogopa tu, kama sisi.

Ufunguo wa kabati sasa hukaa kwa vijana wenyewe, kwa zamu. Jumamosi iliyopita ulikuwa kwa kijana wa Katuba. Alifika kabla yetu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni kitu gani cha wote ambacho katika kikundi chetu kimefungiwa kwa hofu ya kuharibika?

2. Kazi yetu tuliyoipenda inapohitajika kubomolewa ili wengine nao wajenge, tunafanyaje?

3. Ni nani aliyeacha kuja kwa sababu tulidharau kazi ya mikono yake? Nani kati yetu atakwenda kwao wiki hii?