Mdakaji Niliyemsikia

Mjukuu wangu, hapa Bweranyange, amewapanga makipa wetu kwa takwimu. Fainali za Afrika za 1980, Lagos: Taifa Stars ilifungwa mabao 6 katika mechi 3. Zile za 2023: mabao 4. Basi Aishi Manula juu, Juma Pondamali chini.

Nikapinga. Mwaka ule timu zilikuwa 8 tu, na Nijeria iliyotufunga 3–1 ndiyo iliyotwaa kombe. Tena 2019, zama za Manula huyohuyo, tulifungwa 8!

“Babu, Pondamali ulimwona akidaka?”

Sikumwona. Nilimsikia redioni. Mtangazaji alitamka “amepangua!”, nami hadi leo naiona mikono ile. Mimi niliyesahihisha mitihani maisha yangu yote, ushahidi wangu ni kitenzi kimoja.

Orodha sijaitia saini.